Janeffer na Unga Mweusi Usiotakiwa Kukauka

Saa moja na robo asubuhi, kabla lori la kwanza la majani mabichi halijapanda kilima, Janeffer Chepkemboi anafungua friji na kutoa chupa kubwa ya kioo kwa mikono miwili. Anaibeba kifuani, taratibu, kama mtu aliyeachiwa mtoto wa wenyewe.

Ubavuni mwa chupa kumefungwa sumaku kwa mpira wa blada ya baiskeli. Mbele ya sumaku, ndani ya kioo, kuna donge jeusi tii lililong'ang'ania hapo. Janeffer anamwaga maji yaliyolaza donge hilo, anafungua mpira, anang'oa sumaku kwa nguvu na kuipeleka mbali, kwenye rafu ya upande wa pili wa chumba.

"Hii nimelala nayo kichwani usiku mzima," anasema. "Si chupa yenyewe. Wasiwasi wake."

Chumba hiki kilikuwa stoo ya mbolea. Harufu ya mbolea bado inatoka ukutani mvua ikinyesha. Sasa kuna meza ndefu, friji, sinki, na ndoo za chuma cha pua zilizopangwa kwa usafi ambao ungemfurahisha mama mkwe yeyote.

Anamimina chai ndani ya chupa. Imepoa mpaka joto la maji ya kuogesha mtoto mchanga. Ikiwa ya moto kupita hapo, kazi imeharibika. Anakoroga kwa mwiko. Weusi unaachia kioo vipande vipande, na chai yote inakuwa kama mtu amekwangua masizi ya sufuria akayatia humo.

Leo ndiyo siku. Mnunuzi wa hoteli za mjini Kericho, Bilhah Atuti, anakuja kuona kwa macho yake. Unga huu mweusi ulioko ndani ya chupa umeshasafisha chai mara tisa, na yeye anataka kuona ya kumi. Chai ikitoka safi, atachukua chupa za kila wiki mwaka mzima. Ikitoka chafu, kamati ya wakulima imeshasema: chumba kinarudi kuwa stoo ya mbolea, na Janeffer anarudi nyumbani.

Ana miaka arobaini na tatu. Ni mama wa Kiptum na wadogo zake wawili, mkazi wa huku Silibwet, na hajawahi kusoma kemia hata siku moja. Lakini ukiuliza kiwandani nani anajua kuutunza ule unga, watu wanakuonyesha yeye.

Wakulima wa hapa walianza kutengeneza chai baridi ya chupa ili wasitegemee mnada wa majani peke yake. Chai ilikuwa tamu. Shida ilikuwa friji. Chai nzito ikipoa sana inachafuka, inakuwa na rangi ya mto baada ya mvua. Haijaoza. Ukiipasha moto inarudi safi. Lakini nani atanunua chai baridi halafu aende kuipasha moto? Mteja akiona ule uchafu anarudisha chupa, na jirani yake anasikia.

Dawa ya shida hiyo ipo, na inaitwa kimeng'enya. Usiogope jina. Hata mate yako yana kimeng'enya. Ndicho kinachofanya ugali uwe mtamu kidogo ukiutafuna muda mrefu. Kuna aina nyingine inayokatakata vile vitu vinavyoshikana kwenye chai baridi na kuichafua. Ukiitia, chai inabaki safi hata ikikaa kwenye barafu.

Ila kimeng'enya hicho kinatoka ng'ambo katika kichupa kidogo, na bei yake inaumiza. Ukikimimina kwenye chai kinafanya kazi vizuri, halafu kinaenda na chai. Kesho ununue kingine.

Hapo ndipo anapoingia Sagini, mtu wa kemia wa kiwanda hiki, ambaye aliwahi kufundisha sekondari na kila mtu bado anamwita Mwalimu. Sagini anatengeneza chembe za chuma, ndogo mno, kiasi kwamba elfu kadhaa zikipangwa mstari mmoja ndipo zifike upana wa unywele. Anazivisha utando mwembamba, kisha anakifunga kimeng'enya juu yake kishike.

"Mimi sikuvumbua," anasema Sagini. "Watu wa maabara dunia nzima wanafanya hivi kwa miaka mingi. Mimi nilitaka tu ifanye kazi hapa kwetu, kwa stima inayopotea na maji ya huu mto wetu."

Faida ni mbili. Kikiwa kimefungwa kwenye chuma, kimeng'enya kinakaa imara zaidi, hakichoki haraka, kinadumu wiki nyingi ambapo kikiwa huru kingedumu siku chache. Na kwa sababu chembe ni za chuma, kazi ikiisha unazivuta kwa sumaku, unamimina chai, unaziosha, unazitumia tena.

Janeffer ana maelezo yake mwenyewe, na ndiyo aliyowapa wakulima kwenye mkutano wakaelewa.

"Ni ng'ombe wa kamba," anasema. "Ukimwachilia ng'ombe, atakula majani vizuri, lakini jioni humpati, ameingia mahindi ya watu. Ukimfunga kamba anakula pale pale ulipomweka, jioni unamrudisha zizini. Kesho unaye."

Kazi yake ndiyo hiyo ya kumrudisha ng'ombe zizini. Anavuta unga kwa sumaku, anauosha kwa maji baridi yenye chumvi anayochanganya Mwalimu, na kuulaza kwenye friji ukiwa ndani ya maji hayo. Analipwa shilingi mia saba kwa siku.

Kabla ya kazi hii alikuwa kwenye draya, ile mashine kubwa ya kukausha chai, katika kiwanda cha majani. Miaka kumi na tisa. Mtu wa draya anafundishwa kitu kimoja mpaka kinaingia kwenye mifupa: unyevu ni adui. Chai ikibaki na unyevu kidogo inaota ukungu kwenye gunia, na gunia linarudishwa. Janeffer alikuwa akiingiza mkono kwenye chai na kusema, bado, na msimamizi anaongeza moto bila kubisha.

Sasa sikiliza kilichotokea, maana ndicho kinachonifanya niandike.

Unga wa kwanza, ambao Mwalimu Sagini aliutengeneza miezi minne, haukufa kwa uzembe. Ulikufa kwa bidii.

Ilikuwa Jumamosi ya mvua za masika. Sagini alikuwa amesafiri kwenda mazishini kwao. Alimwachia Janeffer chupa na neno moja: iweke safi. Janeffer aliuosha unga vizuri. Kisha akautazama umekaa ndani ya maji, na miaka kumi na tisa ya draya ikamwambia kwamba kitu kikilala majini kinaoza.

"Niliona huruma," anasema. "Nilisema, huyu Mwalimu ni mtu wa vitabu, amesahau kuniambia niukaushe."

Alimwaga maji. Akautandaza unga kwenye trei, akaufunika kitambaa safi, na kuuweka karibu na boila, mahali penye joto zuri. Aliomba hata Mungu ausaidie ukauke kabla ya Jumatatu. Mungu hakukawia. Jumatatu asubuhi ulikuwa mkavu kabisa, umeshikana kama udongo wa njiani, na umeanza kuwa mwekundu-mwekundu wa kutu.

Sagini alipofika alichukua kipande, akakivunja kwa vidole, akaketi juu ya kreti ya chupa.

"Nilijua kutoka vile alivyoketi," anasema Janeffer. "Hakuuliza nani. Nikamwambia, Mwalimu, ni mimi, nimeukausha vizuri. Hilo neno vizuri ndilo bado linanichoma."

Sagini anakumbuka pia. "Nilimwambia, Mama Kiptum, nilisema uuweke safi, sikusema uuweke na maji. Kosa nusu ni langu. Mtu wa draya utamwachaje na kitu kilicholowa bila kumweleza?"

Walijaribu kuuokoa. Wakausaga, wakautia kwenye chai. Sumaku iliuvuta bado, maana chuma ni chuma, lakini chai ilibaki chafu vilevile. Chuma kilikuwepo. Kilichofungwa juu yake kilikuwa kimekufa.

Mwenyekiti wa kamati, Mzee Kipkemoi, aliitisha kikao. Kulikuwa na waliotaka Janeffer aondoke siku hiyo. Wengine walimtania waziwazi. Osoro, mpakiaji wa kreti, ambaye mdomo wake hauna mlango, alikuwa akipita mlangoni na kuuliza, "Mama Kiptum, na hii mvua je, hujaikausha bado?"

Kamati ilikubali unga utengenezwe mara ya pili, kwa kichupa cha mwisho cha kimeng'enya kilichobaki. Mzee Kipkemoi alisema mbele ya wote, "Hii ikifa, tusidanganyane. Tutauza majani kama baba zetu."

Hapa naomba kina mama wenzangu mnisikie. Vijana wetu wanaingia kazi za aina hii siku hizi, kazi ambazo sisi hatukuzikuta. Tusiwaambie tu wafanye bidii. Tuwaambie waulize. Kazi mpya haifanani na ile ya zamani, hata ikiwa chini ya paa lilelile.

Tena unga huo ukikauka unakuwa vumbi jembamba kuliko vumbi lolote la nyumbani, na vumbi hilo likiingia kifuani sijui nani atalitoa. Kwa hiyo usikaushwe, na kusiwe na mtu wa kuupuliza wala kuunusa.

Na ile sumaku si ya kuchezea. Ni kipande cha ukubwa wa sabuni ya kufulia, lakini kina nguvu ya kutisha. Janeffer ana ukucha mweusi kwa sababu aliweka sumaku mbili karibu zikarukiana na kidole kikiwa katikati. Mtu aliyewekewa mashine ya moyo asiingie humo kabisa. Mimi nina watoto wanne, na sijaona mtoto anayeona sumaku akaiacha. Mlango wa chumba ufungwe kwa kufuli. Janeffer anasema hufungwa, na nilimwomba anionyeshe kufuli lenyewe. Lipo.

Nilimuuliza pia swali ambalo kila mama angeuliza. Je, mtu akiunywa?

Hakukasirika. Alinipeleka mwisho wa meza, ambapo chai yote hupita kwenye bomba lenye sumaku nyingine, ili chembe iliyotoroka inaswe. Baadaye anamimina chai kidogo kwenye sahani nyeupe na kushika sumaku chini yake. Nukta moja nyeusi ikijikusanya, chai yote ya siku hiyo inamwagwa. "Nami nina watoto," alisema. "Hii chai wanakunywa."

Turudi asubuhi ya leo.

Bilhah Atuti anafika akiwa na miwani kichwani na haraka miguuni. Mzee Kipkemoi anampokea kwa chai ya maziwa ya moto, maana mgeni wa Silibwet hapewi chai baridi hata kama ndiyo aliyokuja kuinunua.

"Chamgei, mama," anamsalimia. "Karibu uone kazi ya wakulima."

"Nimekuja kuona kazi ya huyu," anasema Bilhah, akimwonyesha Janeffer. "Wakulima nawajua."

Muda wa kukoroga umekwisha. Janeffer anabandika sumaku ubavuni mwa chupa. Hapo ndipo mtu asiyejua husogea karibu. Weusi unaanza kutembea. Unaondoka kila upande wa chupa, kama moshi unaorudi kwenye kuni, unajikusanya mbele ya sumaku, na nyuma yake chai inafunguka, nyekundu, inang'aa. Inachukua dakika chache tu.

Anamimina glasi moja na kuiweka kwenye sehemu ya barafu. Wanasubiri. Kipimo cha hapa ni rahisi: glasi ikishapoa sana, wanaweka gazeti nyuma yake. Ukisoma maandishi kupitia kwenye chai, imepita.

Glasi inatoka. Mzee Kipkemoi anashika gazeti nyuma yake. Bilhah anateremsha miwani na kuinama.

"Naona gazeti," anasema polepole. "Maandishi siyaoni."

Chai imechafuka. Si kama ile isiyotiwa kitu, lakini imechafuka. Mzee Kipkemoi analikunja gazeti mara mbili, mara nne, mpaka halikunjiki tena.

Janeffer ameshika ukingo wa sinki. "Sikuukausha," anasema. "Mwalimu, Mungu ananiona. Huu haujatoka kwenye maji hata kidogo."

"Najua," anasema Sagini.

"Nimeulinda. Tangu Jumanne, huyu mama aliposema anakuja, kila jioni naufunga na sumaku yenyewe. Nilisema hata kama paka ataiangusha chupa, ipasuke, unga utabaki umeshikwa."

Osoro alikuwa mlangoni na kreti begani, akisubiri kuambiwa kama kuna mzigo au hakuna. Yeye hawezi kunyamaza hata msibani.

"Sasa Mama Kiptum," anasema, "wewe ndiye ulitufundisha mambo ya ng'ombe. Umemfunga pua ikagusa kigingi usiku tatu, unataka ale nini?"

Wengine wanamtazama vibaya. Sagini hamtazami vibaya. Anatazama chupa. Anaiinua mpaka dirishani, anaizungusha kwenye mwanga, na sasa hata sisi tulioko nyuma tunaona: ule unga si unga. Ni madonge. Siku tatu mbele ya sumaku, chembe zimegandamana kama ugali uliopikwa na mtu mwenye hasira, na chai imekuwa ikigusa zile za nje peke yake. Zilizo ndani zimekaa na njaa.

"Haujakufa," anasema Sagini. "Umebanwa." Kisha anamgeukia Janeffer. "Na mimi nimekuwa nikiona huo mpira wa blada kila asubuhi, nikafikiri ni wa kufungia kifuniko. Tuufungue huu unga. Tuyaachanishe haya madonge polepole. Hapana mwiko, utayasaga. Tutahitaji kuutikisa muda mrefu."

Janeffer anamwaga chai, anang'oa sumaku, anautia unga maji yake baridi, anafunga kifuniko, na anafanya kitu ambacho hakuna kitabu kilichomfundisha. Anaketi kwenye kiti kifupi, ananyoosha miguu, analaza chupa mapajani na kuanza kuisukasuka, mbele nyuma, mbele nyuma, kama wamama wa hapa wanavyosuka kibuyu cha maziwa kupata siagi. Hasimami. Hatazami mtu.

"Mimi nina safari," anasema Bilhah Atuti.

"Nenda, mama," anasema Janeffer bila kuinua kichwa. "Ukirudi utatupata."

Bilhah anatazama saa. Anatazama ile mikono. Anavuta kiti, anaomba kikombe kingine cha chai ya moto.

Sijui aliisuka kwa muda gani. Osoro aliitwa nje mara mbili kupakia kreti, na mara zote mbili alirudi kusimama mlangoni bila utani. Mwishowe Janeffer anainua chupa dirishani, na mle ndani hakuna donge tena. Kuna weusi laini, sawasawa, kama wino.

Chai nyingine inapoa mpaka joto la kuogesha mtoto. Maji yanamwagwa, chai inatiwa. Inakorogwa. Sumaku inawekwa, weusi unatembea, chai inamiminwa. Glasi inaingia kwenye barafu, na mlango wa friji unafungwa. Mzee Kipkemoi analikunjua lile gazeti na kulipigapiga magotini lisiwe na mikunjo.

Glasi inatoka ikiwa na umande. Janeffer anaifuta kwa aproni yake. Gazeti linawekwa nyuma. Bilhah anateremsha miwani.

"Bei ya mbolea kushuka," anasoma kupitia kwenye chai. Anainama zaidi. "Wakulima wa Sigor na Chepalungu wamehimizwa kujiandikisha mapema kabla ya msimu wa..." Anasimama wima. "Haya, inatosha. Mnataka nisome gazeti lote?"

Osoro anaweka kreti chini. "Endelea, mama, mimi natoka Sigor," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo watu wanacheka.

Walikubaliana pale pale: chupa za kila wiki, mwaka mzima, kuanzia mwezi ujao. Bilhah alipotoka alimshika Janeffer mkono na kukaa nao kidogo. Alimwambia, "Ile uliyosema, nikirudi nitawapata, ndiyo iliyonikalisha."

Ninaandika haya nikijua mimi ni mama wa wasiwasi. Najua kufunga mlango mara mbili, na kuamka kusikiliza kama watoto wanapumua. Ndiyo maana nasema kwa wenzangu: kilichokaribia kutuharibia chai hii si wizi wala uvivu. Mara ya kwanza kilikuwa kukausha kitu kilichotaka maji. Mara ya pili kilikuwa kushikilia sana. Yote mawili yalifanywa na mtu aliyependa kazi yake kuliko sisi wote. Mwenye kazi ya aina hii amwambie mwenzake kila anachofanya, hata kidogo, hata kipande cha mpira wa blada.

Na Silibwet tujivunie. Chai hii safi imetoka kwenye mikono ya mama wa hapa na mtu wa kemia kutoka ng'ambo ya mpaka wa kaunti, ndani ya stoo ya mbolea.

Janeffer ana mpango. Sagini ameandikiwa na wafugaji wa Kipkelion. Kule kuna watu ambao maziwa huwavuruga tumbo, na kuna kimeng'enya kingine kinachoweza kuyafanya maziwa yakae vizuri kwao. Kikifungwa kwenye chuma kitatumika tena na tena kama hiki. Watahitaji mtu wa kuuosha unga, na Janeffer anataka kwenda kuwafundisha mwenyewe.

"Nitaanza na makosa yangu," anasema. "Siku ya kwanza, kabla sijawaonyesha sumaku. Nitawaambia yale mawili, halafu niwaulize: yenu ya tatu itakuwa gani?"

Jioni anaosha unga kwa mara ya mwisho leo. Anaumiminia maji yake ya chumvi, anafunga kifuniko, anaiweka chupa kwenye friji. Sumaku anaitia kwenye sanduku lake la mbao, kwenye rafu ya upande wa pili. Anasimama kidogo, mkono ukiwa mlangoni mwa friji.

Ndani ya chupa, unga unashuka wenyewe, polepole, mpaka chini.

Anachukua ule mpira wa blada juu ya meza na kumpa Osoro anayepita. "Peleka ufungie kreti zako," anamwambia. Kisha anafunga kufuli na kwenda nyumbani kukamua ng'ombe.